Upepo wa Ventoux, na siku Froome alipotimua mbio bila baiskeli

Jezi ya njano mwilini, kofia ngumu kichwani, viatu vya baiskeli miguuni. Baiskeli yenyewe haipo. Kinara wa Tour de France anapandisha mlima kwa miguu, mashabiki wakipiga kelele kulia na kushoto. Kwa mtu wa soka, ni sawa na kumwona straika anakimbilia goli huku mpira ameuacha katikati ya uwanja.

Ilikuwa Julai 14, 2016, kwenye mlima Ventoux, kusini mwa Ufaransa. Aliyekuwa akikimbia ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Wengi wanakumbuka kwamba pikipiki ndiyo iliyomwangusha. Ni kweli, lakini mkorofi wa kwanza siku ile alikuwa upepo.

Mtu wa Rungwe Mpya, kule kwenye miinuko ya Kasulu mkoani Kigoma, hahitaji maelezo marefu hapa. Asubuhi ya kipupwe, mkungu wa ndizi umefungwa kwenye keria, mlima uko mbele na upepo wa baridi unapiga kifuani. Unakanyaga, jasho linatoka, vidole vimekufa ganzi kwenye usukani, na bado mti ule ule uko pembeni yako. Mwisho unashuka na kusukuma. Hakuna kamera inayokupiga picha, na ndizi lazima zifike sokoni.

Tofauti ni kwamba mwendesha baiskeli wa mashindano huwa na mtu wa kujificha nyuma yake. Anayekaa mgongoni mwa mwenzake anaokoa nguvu nyingi, kwa hiyo timu inapokezana: mmoja anakula upepo, wengine wanapumua, kisha wanabadilishana. Upepo ukipiga ubavuni, kazi inakuwa ngumu zaidi. Waendeshaji wanajipanga mshazari, kama ukuta wa faulo uliopinda, hadi barabara inaisha upana. Aliyekosa nafasi anabaki ukingoni, hana wa kumkinga. Hapo ndipo kundi hukatika vipande, na nyota anaweza kuachwa hata kama miguu yake ina nguvu.

Siku moja kabla ya Ventoux, Froome alikuwa amefaidika na upepo huo huo. Kwenye hatua ya Carcassonne hadi Montpellier ulivuma tangu mwanzo, kundi likiwa roho juu. Zikiwa zimebaki kilomita kama 12, Peter Sagan alichomoka na mwenzake Maciej Bodnar. Froome akaruka nao, na Geraint Thomas wa timu yake ya Sky akafuata. Wanne hao wakafukuzwa na kundi zima bila kukamatwa. Sagan akashinda, Froome wa pili, akavuna sekunde 12 ukijumlisha na za bonasi. Ndogo? Muulize shabiki aliyewahi kupoteza ubingwa kwa tofauti ya mabao. Nairo Quintana, mpinzani wake mkubwa, alibaki nyuma.

Huyo Thomas naye si mtu wa kawaida kwenye hali ya hewa mbaya. Mwaka 2014 alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Glasgow, mvua ikimwagika. Walioanza walikuwa zaidi ya 100, waliomaliza ni 12. Machi 2015, kwenye Gent–Wevelgem nchini Ubelgiji, upepo ulimnyanyua na kumtupa nje ya barabara. Akaamka, akapanda tena, akamaliza wa tatu. Siku hiyo waliofika mwisho walikuwa 39 tu.

Turudi Ventoux. Kilele chake kina urefu wa takriban mita 1,910 na hakina miti ya kukinga chochote. Upepo huko juu ulipita kilomita 100 kwa saa, waandaaji wakaona hapafai, wakashusha mstari wa kumalizia hadi Chalet Reynard, kilomita sita chini. Watu waliokuja kutawanyika mlima mzima wakabanana sehemu ya chini. Barabara ikawa kama lango la Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga.

Thomas De Gendt alishavuka mstari na kushinda. Nyuma yake Froome, Richie Porte na Bauke Mollema walikuwa wamewaacha wengine. Ikibaki takriban kilomita moja, pikipiki ya kamera ikasimama ghafla kwa kukosa njia. Porte akaivaa, wenzake wakamwangukia. Baiskeli ya Froome ikavunjika na gari la timu lilikuwa mbali. Akaanza kukimbia. Akapewa baiskeli ya msaada isiyoendana naye hata kidogo, kabla ya kupata ya timu yake. Kwa muda kidogo matokeo yalimweka Adam Yates kileleni, kisha waamuzi wakampa Froome muda wa Mollema na jezi ikabaki kwake.

Aliyemfundisha kukanyaga, David Kinjah, alikuwa akimchukua mlimani tangu akiwa kijana mdogo, kutoka Kikuyu nje kidogo ya Nairobi, ambako asubuhi za Julai nazo si za kuvaa kaushi. Kinjah alibaki huko akilea vijana wa Safari Simbaz. Froome, aliyeiwakilisha Kenya Melbourne 2006, alihamia leseni ya Uingereza 2008. Wakenya wengine mpaka leo hawajalimeza hilo, na si rahisi kuwalaumu.

Usiku ule wa Julai 14 likatokea shambulio la Nice. Kesho yake msafara ukaendelea kwa majonzi, bila shamrashamra. Ilikuwa hatua ya kushindana na saa, kila mtu peke yake, na upepo bado ulikuwepo. Hakuna Thomas wa kujificha nyuma yake, hakuna ukuta wa mshazari. Tom Dumoulin alishinda. Froome akaja wa pili, na kila aliyekuwa akiitaka jezi yake ya njano alimaliza nyuma yake.