Fahamu: Kufuta ghala la mtandaoni bila kuacha mlango wazi

Mwaka 2025 watafiti wa kampuni ya usalama wa mtandao ya watchTowr walieleza jinsi walivyosajili upya majina ya maghala yapata 150 ya Amazon S3 yaliyotelekezwa na wenyewe, na katika miezi miwili wakapokea maombi zaidi ya milioni 8 kutoka kwa mashine, zikiwemo za serikali, zilizokuwa zingali zikidai faili za programu. Wangalikuwa mahasidi, wangalijibu kwa sumu.

Basi kabla ya kufuta, kagua kumbukumbu za maingilio ujue nani angali akilitumia ghala, uondoe kila kiungo kilitajacho, ndipo ufute vilivyomo pamoja na matoleo yake ya kale, ambayo, kwa kughafilika kwa mwenye mali, aghalabu husalia yakitozwa ada. Na jina likiwa limekwisha kuenea, afadhali ulibakishe ghala tupu mikononi mwako.