Kutoa kwa Aliyewahi Kupewa: Ukarimu wa Kikristo Arua na Koboko

Mafundisho ya Kikristo hupima ukarimu kwa kile kinachobaki mkononi mwa mtoaji. Ndiyo maana mjane wa Injili aliyetia sarafu mbili alihesabiwa kuwashinda matajiri, na Paulo, alipowachangishia maskini wa Yerusalemu, akawasifu Wamakedonia waliotoa wakiwa fukara. Torati nayo ilikuwa imetenga fungu la kumi la kila mwaka wa tatu kwa Walawi, wageni, yatima na wajane. Mgeni yumo katika orodha hiyo tangu zamani. Huko West Nile, pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, mgeni ndiye aliyeujaribu ukarimu huo kuliko mhitaji mwingine yeyote.

Injili ilifika Arua mwaka 1918 kupitia Africa Inland Mission, ambayo huku ilikubali kutumika ndani ya Kanisa la Anglikana. Upande wa Katoliki walikuwa wamisionari wa Comboni. Kwa miongo kadhaa mali ya kusaidia ilitoka mbali. Hospitali ya Kuluva, kusini ya mji wa Arua, ilianzishwa na daktari Mwingereza Ted Williams, na wagonjwa wa ukoma walitunzwa hapo. Kazi za namna hiyo zilitegemea sana sadaka za waumini wa Ulaya, ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Arua.

Kisha ikaja zamu nyingine. Rais Idi Amin, ambaye kwao ni Koboko, hukohuko West Nile, aliangushwa mwaka 1979, na jeshi jipya likalipiza kisasi kwa watu wa kwao. Mwezi Juni 1981 askari waliua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Katoliki ya Ombaci, karibu na Arua. Watu wa makabila ya Walugbara na Wakakwa kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Zaire (Kongo ya leo) na Sudan, wakaishi huko kwa miaka, wengi wakilima mashamba waliyoazimwa na wenyeji. Kwa Wakakwa wengine hao wenyeji walikuwa ndugu, kwa kuwa kabila hilo limegawanywa na mipaka ya nchi tatu.

Walioazimwa mashamba wakati huo ndio walioombwa ardhi baadaye. Mapigano ya Juba ya Julai 2016 yalisukuma mamia ya maelfu ya Wasudani Kusini kuingia Uganda. Makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalifunguliwa wilayani Yumbe, West Nile, mwezi Agosti mwaka huohuo, na yale ya Imvepi yakafunguliwa tena Februari 2017. Koboko ina makazi ya Lobule, yenye wakimbizi kutoka Kongo. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya kimila: wazee wa koo walikaa na maofisa wa serikali, wakaitoa bila kodi. Yumbe ni wilaya ya Waislamu wengi, kwa hiyo kuuita ukarimu huu wa Wakristo peke yao kungekuwa kuwanyima majirani haki yao.

Wazee hao walitarajia kitu pia: visima, shule, barabara, zahanati. Mtu anaweza kusema basi hiyo si sadaka. Hoja hiyo ni nyepesi. Paulo mwenyewe aliwaeleza Wakorintho kwamba ziada yao ya leo inaziba upungufu wa wenzao, na kesho ziada ya wenzao itaziba wa kwao, ili pawe na usawa. Aliyelala Zaire kwenye shamba la mtu hahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo.

Makanisani, kutoa kuna sura ndogo zaidi. Wakati wa mavuno waumini huleta mihogo, ufuta, maharagwe na kuku. Visivyoliwa hupigwa mnada baada ya ibada. Katika kutumia fedha hizo, paa na posho ya mchungaji aghalabu hutangulizwa mbele ya maskini, na hilo ni udhaifu wa makanisa mengi, si ya West Nile tu.

Ukarimu huu una mipaka. Miti imekatwa kwa kuni na kujengea, na Septemba 2020 ugomvi kati ya wenyeji na wakimbizi katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp ulimwaga damu. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, likiwa limepungukiwa fedha, liliwagawa wakimbizi kwa kiwango cha uhitaji. Walioonekana kujiweza wakaondolewa kwenye mgao. Kiwanja cha mkimbizi, ambacho Bidi Bidi kilipimwa mita 30 kwa 30, hakilishi familia. Wengi sasa hutafuta shamba kwa mwenyeji, wengine kwa kodi, wengine kwa kugawana mavuno, wengine bure kwa msimu mmoja. Mapatano mengi ni ya mdomo, na mwenye shamba anaweza kulirudisha mara mihogo inapong'olewa.