Kutu ya ekzosi haifunikwi kwa rangi

Ikiwa uliwahi kusafiri kutoka Nairobi hadi Bungoma katika miaka ya themanini, yamkini ulibanwa kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot 504, lile gari refu la viti vya safu tatu ambalo wengi waliliita Pijo. Mjomba wangu wa Kanduyi angali nalo moja. Wanawe wamemsihi aliuze kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, naye huwajibu kwamba gari lililowapeleka shuleni haliuzwi kwa kilo.

Kule Marekani, wapenda magari ya kale hujivunia yenye injini kubwa za V8, kama Pontiac GTO iliyotolewa mwaka 1964. Sisi huku fahari yetu ni Pijo. Ove Andersson alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 akiendesha 504, na Jean-Pierre Nicolas akazishinda mwaka 1978 kwa 504 ya milango miwili. Kabla ya hapo 404 ilikuwa imekwisha kutamba katika vumbi na matope yayo hayo. Si ajabu basi kwamba mzee akiliosha gari lake Jumamosi jioni, majirani husimama kutazama.

Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Pijo hili ulikuwa katika ekzosi.

Siku moja mjomba aliwapeleka wajukuu Kitale kumsalimia jamaa. Waliporudi, watoto wawili waliokaa nyuma kabisa walilalamika kuumwa na kichwa, na mmoja akatapika. Wakapimwa malaria, isionekane. Jumapili iliyofuata wakasafiri tena, na mambo yakawa yale yale. Aliyefumbua fumbo hilo ni mkewe mjomba. Alitambua kwamba waliougua ni wale wa kiti cha nyuma tu, na kwamba wakishashuka na kupunga hewa safi hupata nafuu. Akasema hataki kumwona mtoto ndani ya gari hilo mpaka fundi alitazame.

Fundi huyo ana kibanda chake cha jua kali kando ya barabara kuu iendayo Malaba. Alifungua boneti, akatazama manifoldi, yaani lile bomba la chuma lenye matawi linalopokea moshi kutoka kwenye injini. Lilikuwa linang'aa kwa rangi ya fedha. Akalikwaruza kwa bisibisi, na kutu ikabanduka kama magamba ya samaki. Chini yake palikuwa na alama nyeusi za masizi, dalili kwamba moshi ulikuwa ukivuja.

"Mzee," akasema, "hapa umepaka poda juu ya kidonda."

"Kijana wangu, hiyo ni rangi iliyobaki nilipopaka lango," mjomba akajibu kwa haya.

Chini ya gari mambo yalikuwa mabaya zaidi. Bomba lilikuwa na tundu, na sakafu karibu na kiti cha nyuma ilikuwa imeliwa na kutu. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kuliko oksijeni, mwili ukakosa hewa. Huanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Asiyetolewa mapema huenda asiamke.

Je, kutu hutoka wapi? Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji pamoja na moshi. Gari linaloendeshwa safari fupi tu, kama vile kwenda sokoni na kanisani, halipati moto wa kutosha kukausha maji hayo. Hubaki ndani ya bomba, yakala chuma kidogo kidogo.

Kazi ya kulitengeneza ilichukua takriban wiki tatu. Kwanza fundi alizipaka nati mafuta ya kulegeza, akaziacha zilale usiku kucha. Kichwa cha injini ya 504 ni cha alumini, na ukilazimisha spana, boliti hukatikia humo, gharama ikawa maradufu. Gasketi kuukuu aliilowesha maji kabla ya kuibandua, kwa sababu gasketi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Kisha akaligonga manifoldi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti butu. Lilikuwa zima.

Hapo ndipo utamu wa nchi ya miwa ulipoingia. Badala ya kutumia tindikali, fundi alichanganya molasi, ile ile tunayowalisha ng'ombe, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, ndani ya pipa la plastiki. Manifoldi likazamishwa humo kwa wiki mbili. Molasi hung'oa kutu polepole bila kula chuma chenyewe. Ila funika pipa, maana linanuka na kuvuta nzi. Wala usitumbukize kitu cha alumini, kitaliwa.

Lilipotolewa, lilisuguliwa kwa brashi ya waya, likaoshwa na kukaushwa papo hapo. Ukingoja hadi kesho, kutu imekwisha kurudi. Likapigwa msasa, likafutwa kwa thina, na tangu hapo halikuguswa kwa mkono mtupu. Ndipo likapakwa rangi maalumu inayohimili joto la nyuzi 600 na zaidi, mikono mitatu myembamba. Rangi ya lango huungua na kubanduka.

Bomba lililotoboka halikutiwa kiraka, bali lilibadilishwa, na sakafu ikachomelewa bati jipya. Wapo mafundi wanaotumia mabomba ya maji yaliyopakwa zinki. Kuchomelea zinki hutoa moshi unaomletea fundi homa, kwa hiyo mjomba alinunua bomba la chuma tupu.

Mwisho rangi iliivishwa kwa moto wa injini yenyewe: dakika 10 ikinguruma taratibu, ikaachwa ipoe, dakika 20, ikapoa tena, kisha nusu saa. Hayo yalifanyika uwanjani, si ndani ya gereji, kwani rangi hutoa moshi mara ya kwanza. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fundi aliiwasha akatega sikio. Hakusikia ule mlio wa tik tik wa moshi unaovuja. Baada ya siku chache, alizikaza nati tena.

Msomaji, hata kama gari lako si la kale, sikiliza ekzosi yake. Ikibadili sauti, au watoto wakilalamika kuumwa na kichwa safarini, simamisha gari, fungua madirisha yote, uwashushe, na ulipeleke kwa fundi bila wao kuwemo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Jumapili iliyopita Pijo lilikwenda Kitale tena. Mkewe mjomba alikaa kiti cha nyuma kabisa, kati ya wajukuu wawili, kwenda na kurudi. Aliposhuka Kanduyi hakusema neno. Aliingia jikoni akatenga chai, na kikombe cha kwanza akampelekea fundi.