Nani hasa anakuomba PIN? Vipande vilivyo ndani ya apu unayolipia

Ukilipia chakula, tiketi au bando la intaneti kwenye apu, mambo huenda hivi: unabonyeza "Lipa", unaweka nambari yako ya simu, sekunde chache zinapita, kisha kisanduku kinajitokeza kwenye skrini kikikuomba PIN ya M-PESA. Wateja wengi hudhani kisanduku hicho ni cha apu yenyewe. Sicho. Walaghai wanajua kwamba wengi hawaitambui tofauti hiyo, kwa hivyo leo tuifungue apu kidogo tuone imeundwa kwa vitu gani, na ni nani aliyeviweka humo.

Apu ni kama matatu

Angalia matatu inayopita hapo barabarani. Chesisi na injini zimetoka kwa kampuni ya magari. Bodi imeundwa na mafundi wa hapa nchini, viti vimeshonwa kwingine, spika zimenunuliwa dukani, halafu mwenyewe akaandika jina la sacco ubavuni. Wewe abiria unaona jina tu.

Apu nazo ni hivyo hivyo. Watengenezaji huanza na zana kubwa kama Android Studio ya Google au, kwa iPhone, Xcode ya Apple. Wengi siku hizi hutumia Flutter, iliyotolewa rasmi na Google mwaka wa 2018, au React Native, ambayo Facebook iliitoa mwaka wa 2015. Faida yake ni kwamba msimbo ukiandikwa mara moja, sehemu kubwa yake itafanya kazi kwenye Android na kwenye iPhone pia. Kampuni ndogo isiyoweza kulipa timu mbili hupumua hapo.

Juu ya zana hizo huongezwa maktaba. Hizi ni vipande vya msimbo ambavyo watu wengine wameshaviandika: kipande cha ramani, cha kusoma QR, cha kuhesabu ni watu wangapi wamefungua apu leo, cha kuonyesha matangazo. Kifurushi kamili cha vipande kutoka kwa kampuni fulani huitwa SDK. Apu moja ya kawaida inaweza kubeba makumi ya vipande vya aina hii, na ndiyo sababu moja apu inayoonekana ndogo kwa macho inakula bando kubwa wakati wa kuipakua.

Si uvivu. Kuna kazi ambazo hata sisi tungeogopa kumwona mtu akijiandikia mwenyewe kutoka mwanzo, hasa ile ya kuficha data inaposafiri kati ya simu yako na seva. Kipande kilichokaguliwa na maelfu ya wataalamu kwa miaka ni salama kuliko kilichoandikwa na kijana mmoja usiku wa kuamkia uzinduzi, hata awe hodari namna gani.

Kisanduku cha PIN kinatoka kwenye laini

Sasa turudi kwenye lile ombi la PIN, ambalo wengi hulijua kama STK push. Ukibonyeza "Lipa", apu hutuma ombi kwa seva ya biashara. Seva hiyo nayo huwasiliana na Daraja, mlango ambao Safaricom imewawekea watengenezaji ili mifumo yao izungumze na M-PESA. Ombi linasema mambo machache: nambari ya simu, kiasi cha pesa, na biashara inayolipwa. Kisha M-PESA inatuma ujumbe kupitia mtandao wa simu hadi kwenye laini yako, na laini ndiyo inayofungua kisanduku. PIN unayoandika inarudi M-PESA kwa njia hiyo hiyo. Haipiti kwenye apu wala kwenye seva ya biashara. Biashara hupewa jibu tu: imelipwa, na nambari ya risiti ni hii, au haijalipwa, na sababu ni hii. Ukiona apu imekuandikia 1032, kwa mfano, maana yake ombi lilikatizwa. 1037 maana yake simu yako haikupatikana au muda uliisha kabla hujajibu.

Kwa sababu ni kazi ya laini, kisanduku hiki hutokea hata kwenye mulika mwizi isiyo na apu yoyote. Ukiandika nambari ya mama yako kwenye apu, ombi litatokea kwenye simu yake huko nyumbani, wala si kwenye yako.

Hapo ndipo pa kumkamata mlaghai. Kisanduku halisi hakina mapambo: maandishi tu, jina la biashara, kiasi, na nafasi ya kuweka PIN. Ukiona ukurasa ndani ya apu ya duka, ya mikopo au ya kamari, wenye nembo na rangi nzuri, ukikuambia "weka PIN yako ya M-PESA hapa uthibitishe", ondoka. Huyo anataka PIN iingie kwenye msimbo wake. Apu rasmi ya M-PESA huomba PIN ndani yake kwa sababu ni ya wenyewe, na benki yako ina PIN yake ya apu yake. Mwingine yeyote hana haja nayo.

Ukiwa na shaka, weka nambari ya laini yako nyingine iliyo kwenye simu nyingine. Kama kisanduku bado kinatokea palepale kwenye skrini uliyoshika, hakikutoka kwenye laini.

Kumbuka pia kwamba yeyote aliye na nambari yako anaweza kuanzisha ombi. Kisanduku kikitokea na wewe hujanunua kitu, kikatize. Bila PIN yako hakuna pesa inayotoka, hata maombi yawe kumi. Mtu akikupigia akisema ni hitilafu na uweke PIN ili pesa "irudishwe", huyo ndiye aliyelituma ombi au anashirikiana na aliyelituma.

Ruhusa ya apu ni ruhusa ya kila kipande

Hili wengi hawalijui. Ukikubali apu isome meseji zako, hujaikubalia kampuni yenye jina kwenye ikoni peke yake. Ndani ya Android, vipande vyote vya apu moja hufanya kazi chini ya paa moja na kwa ruhusa zile zile. Kipande cha matangazo kinaweza kufika popote ambapo kipande cha malipo kinafika. Ni kama kumpa makanga ufunguo wa nyumba kwa sababu unamwamini dereva.

Na wakati mwingine hata mwenye apu hajui. Mwaka wa 2015 watengenezaji kadhaa nchini Uchina waliona kupakua Xcode kutoka kwa Apple kunachukua muda mrefu mno, wakaichukua kwenye tovuti za kugawana faili. Nakala hiyo ilikuwa imechezewa. Kila apu waliyoijenga nayo ilitoka na msimbo wa kijasusi ndani yake bila wao kujua, na apu hizo zikapita ukaguzi wa Apple. Kisa hicho kiliitwa XcodeGhost, na toleo moja la WeChat lilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Mwezi wa Mei 2023 kampuni ya usalama ya Doctor Web ilitangaza kwamba imekuta kipande kilichoitwa SpinOk ndani ya apu 101 za Play Store, zilizokuwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 421. Kwa watengenezaji kiliuzwa kama SDK ya kuvutia wateja kwa michezo midogo na zawadi. Kumbe kiliweza kutazama orodha ya faili za simu na kunyakua maandishi uliyonakili. Kwa hivyo, tafadhali, usihifadhi PIN kwenye notsi za simu ili uinakili kila mara.

Hapa Kenya tuliuona upande mwingine wa ruhusa kupitia apu za mikopo. Mtu alichelewa kulipa shilingi elfu mbili, na jioni hiyo shemeji, mwalimu wa mtoto na bosi wakapigiwa simu. Mwaka wa 2023 Google ilizipiga marufuku apu za mikopo kwenye Play Store kusoma orodha ya nambari na picha za mteja. Mwaka uo huo Kamishna wa Kulinda Data aliitoza kampuni moja ya apu za mikopo faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia nambari ilizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Tunaona hatua hizo zilichelewa, lakini zimekupa nguvu ya kukataa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua sehemu ya apu, chagua moja, utazame ruhusa zake. Tochi haihitaji meseji zako. Apu ya chakula inahitaji kujua ulipo unapoagiza, si usiku kucha. Ruhusa ya kuiogopa kuliko zote ni ile ya huduma za ufikivu, iliyowekwa kuwasaidia wasioona vizuri: ikimwangukia mhalifu, anasoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako.

Apu ikizima katikati ya malipo

Tarehe 10 Julai 2020, apu kubwa kama Spotify, Pinterest na Tinder zilikuwa zikijifunga zenyewe kwenye iPhone mara tu zinapofunguliwa. Tatizo halikuwa lao. Lilikuwa la SDK ya Facebook waliyokuwa wameiweka ndani, na seva za Facebook zilipokosea, zote zilianguka pamoja. Apu yoyote inaweza kukufanyia hivyo, hata ukiwa umemaliza tu kuweka PIN.

Ikitokea, usiharakishe kulipa tena. Umeshaona kwamba malipo hukamilishwa kati ya laini yako na M-PESA. Apu kuanguka hakuyafuti. Subiri meseji ya M-PESA. Isipofika, piga *334# uangalie salio au taarifa fupi ya akaunti. Ukikuta pesa imetoka, hifadhi nambari ya risiti na umtumie muuzaji: kwa hiyo ataweza kuyatafuta malipo yako kwenye mfumo wake hata kama apu yake haikuonyesha kitu.

Simu ya zamani

Watengenezaji huchagua toleo la zamani kabisa la Android ambalo apu yao itakubali, na vipande vipya mara nyingi huwalazimisha kupandisha kiwango hicho. Matokeo yake ni kwamba siku moja Play Store inakuambia apu haifai kwenye simu yako, ilhali simu haina shida. Hapo watu hutafuta faili ya apu kwenye WhatsApp au Telegram, au humwomba mwenye duka la simu awawekee. Hiyo ni Xcode ya Uchina tena, safari hii mikononi mwako: huwezi kujua kipande gani kimeongezwa njiani. Afadhali utumie *334#, au ulipie kwenye tovuti ya biashara kupitia kivinjari. Ombi la PIN litakuja kwenye laini yako vilevile.