Je, Wajua? Maji na Chupa Yake

Je, wajua kwamba kioo huyeyuka majini? Si kwa kasi ya sukari, lakini huyeyuka. Maji yakilala kwenye chupa ya kioo huchota silika na sodiamu kutoka kwenye kuta zake. Kioo kikiwa kile kigumu cha maabara, huchota na boroni. Anayetafuta boroni ya kisimani abebe plastiki, la sivyo atapima chupa.

Floraidi nayo hutaka plastiki, kwa sababu ikikutana na tindikali hukila kioo. Kuzunguka Mlima Meru, ambako maji mengi hupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, hilo si jambo dogo.

Msidhani plastiki ni malaika. Zebaki hupenya kuta za plastiki ya kawaida, ikitoka na hata ikiingia. Maji ya mto ulio jirani na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki yawekwe kwenye kioo au Teflon.

Je, wajua kwa nini maji ya kisima hutoka meupe pee, halafu jioni ndoo imekuwa na rangi ya chai? Fundi wa kisima hulaumiwa bure. Chini ardhini chuma kimeyeyuka na hakionekani. Kikikutana na oksijeni hugeuka kutu, hutuama na kunata kwenye kuta za chombo. Arseniki, kama ipo, huidandia kutu hiyo. Maabara ikipima maji safi ya juu, itaandika kwamba hakuna tatizo. Ndiyo maana sampuli ya metali hutiwa asidi ya nitriki palepale kisimani, mpaka pH ishuke chini ya 2. Lakini asidi hiyohiyo huleta nitrati yake, kwa hiyo nitrati ipewe chupa nyingine. (Sasa mnaelewa kwa nini mpima maji hutembea na kreti nzima.)

Sampuli ya mafuta? Chupa haisuuzwi kwa maji yanayopimwa, maana mafuta hubaki yameganda ukutani na kuongeza hesabu.

Chupa ya kupimia bakteria katika maji ya bomba mara nyingi huwa na unga mweupe ndani. Usiumwage! Ni thiosulfati ya sodiamu, ya kuizima klorini. Bila hiyo, klorini ingeendelea kuua vijidudu njiani, na majibu yakaja mazuri kupita ukweli.

Mwaka 2006 mtafiti William Shotyk na wenzake walionyesha kwamba chupa za plastiki za maji ya dukani huachia antimoni, ingawa kwa kiasi kilicho chini sana ya viwango vya usalama. Joto huongeza kasi ya kuiachia, nami nimeacha kuweka katoni ya maji kwenye buti ya gari.

Heliamu ndiyo kiboko: hupenya hata kioo. Wanaoipima majini hujaza mrija wa shaba, kisha huubana ncha zote mbili mpaka ziwe bapa.