Konde zito huanzia miguuni

KATIKA mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru na Mombasa, hutakosa kuwaona vijana nyuma ya nyumba wakiinua vyuma vya kujitengenezea: mikebe miwili iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Baadhi yao wanajifunza karate, taekwondo au ndondi, na wanaamini kwamba kifua kikipanuka na mkono ukinenepa, basi konde nalo litakuwa zito. Miezi sita baadaye shati linawabana, lakini begi la mazoezi linatikisika vilevile lilivyokuwa likitikisika.

Ikiwa wewe, msomaji, ni mmoja wao, au ni mzazi uliyeombwa pesa za kununua vyuma vingine, yafaa kwanza ujue nguvu za konde hutoka wapi.

Mnamo mwaka wa 1985 kulichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa mabondia 120 katika uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Kwa mabondia stadi, takriban asilimia 38 ya nguvu za konde la kunyoosha ilitokana na mguu kusukuma sakafu, asilimia 37 ikatokana na kuzungushwa kwa kiwiliwili, na mkono wenyewe ukachangia asilimia 24 pekee. Kwa wanagenzi, mguu ulichangia kama asilimia 17 tu na mkono asilimia 38. Kwa maneno mengine, anayeanza hupiga kwa mkono, lakini fundi hupiga kwa mwili mzima.

Mkenya Robert Wangila alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili na kutwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka wa 1988, hakuwa pande la mtu. Mabondia wa uzani wake hawakuruhusiwa kuzidi kilo 67.

Basi anza na miguu. Simama ukiwa umeitenganisha kwa upana wa mabega, kisha uchuchumae polepole hadi mapaja yalingane na sakafu, visigino vikiwa chini na mgongo umenyooka. Inuka kwa kasi. Fanya hivyo mara 8 au 10, upumzike dakika mbili, urudie hadi mizunguko mitatu. Zoezi hilo likiwa rahisi, kumbatia kifuani mtungi wa maji wa lita 10, ambao ni kilo 10 kamili. Baada ya wiki kadhaa, weka mtungi kando na uanze kuruka kila unapoinuka.

Nyonga ndizo zinazounganisha mguu na mkono, na ndizo zinazosahauliwa zaidi. Lala chali, kunja magoti, kisha uinue makalio hadi mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani. Halafu jifunze kuinua mzigo kutoka chini kwa kurudisha makalio nyuma badala ya kupinda mgongo. (Gunia la mahindi la kilo 90 sio mahali pa kuanzia. Mwachie mpakizi.)

Zoezi ninaloliona kuwa bora kuliko yote halihitaji hata chuma kimoja. Tafuta mpira mkuukuu wa kandanda, uujaze matambara na mchanga kidogo mpaka ufike kilo tatu au nne, kisha uushone barabara. Simama ubavu ukiwa umeelekea ukuta imara, mpira ukiwa usawa wa kiuno. Sukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, zungusha nyonga, na uache mikono ifuate mwisho. Rusha kwa nguvu zako zote. Mara tano kila upande zatosha, kisha upumzike. Kasi ikianza kupungua, acha, maana hapo unajifunza kuwa mzito. Ukisikia mgongo wa chini ukiuma, mikono imetangulia nyonga.

Pushapu zina faida pia, lakini kupiga mia moja polepole kutakupa pumzi tu. Piga tano za kusukuma sakafu kwa ghafla hadi viganja viruke. Mazoezi haya yote yafanywe mara mbili au tatu kwa wiki, sio siku zinazofuatana.

Hata hivyo, nguvu bila mpangilio ni bure. Mwaka wa 2012 watafiti jijini London waliwalinganisha wanakarate 12 wenye mkanda mweusi na watu wengine 12 waliozoea mazoezi ya kawaida. Wanakarate walipiga kwa nguvu zaidi ngumi ya umbali wa sentimita tano tu, na tofauti ilionekana katika jinsi mwendo wa bega na wa kifundo cha mkono ulivyopatana. Ndiyo sababu makocha hupiga kelele kila siku wakisema, "Legea!" Bega lililokazwa tangu mwanzo huzuia mkono kama breki. Kaza ngumi inapogusa shabaha.

Kadiri konde linavyoongezeka uzito ndivyo mkono unavyokuwa hatarini. Mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole cha mwisho huvunjika kwa urahisi ukipiga kwa upande wa nje wa ngumi. Gusa begi kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Usilipige bila bendeji na glavu, na wiki ya kwanza lipige nusu ya nguvu zako.