Difu ya Mbio kwenye Barabara ya Angurai

Kwenye steji za bodaboda za Malaba na Busia, sayansi ya uwiano wa gia iko wazi kwa macho. Anayebeba magunia ya mahindi kutoka Angurai hutaka sproketi ya nyuma yenye meno mengi: pikipiki haikimbii, lakini kilima inakipanda. Anayekimbiza abiria kwenye lami hutaka meno machache, injini isilie mno. Kwenye Prado au Land Cruiser hesabu ni hiyo hiyo, ila imefungiwa ndani ya difu na kuogeshwa mafuta mazito, na wengi huikumbuka siku bei ya dizeli ikipanda. Hapo ndipo swali hufika gereji: fundi, nikibadilisha difu, gari litakula kidogo?

Ndani ya difu kuna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, na krauni, gia kubwa inayozungusha magurudumu. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, propela huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja. Pinioni ikiwa na meno 11, uwiano hushuka hadi 3.73: hiyo ndiyo difu ya mbio. Sasa chukua tairi la 265/65R17, ambalo mzingo wake ni kama mita 2.44. Kwa kilomita 90 kwa saa, tairi hilo huzunguka mara 615 hivi kwa dakika. Ukiwa gia ya tano yenye uwiano wa 0.85, injini yenye difu ya 4.1 itazunguka karibu mara 2,140 kwa dakika. Yenye difu ya 3.73, karibu mara 1,950. Mizunguko imepungua kwa asilimia 9.

Mafuta hayapungui kwa asilimia 9, na hapa ndipo wauzaji wa difu hupenda kunyamaza. Kazi ya kusukuma upepo na kubingirisha matairi haijabadilika hata kidogo. Kinachopungua ni nguvu inayopotea ndani ya injini yenyewe: pistoni zinazosuguana na silinda, pampu zinazozunguka, na kwa injini ya petroli, taabu ya kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu. Dizeli haitegemei mlango huo wa kuibana hewa, kwa hiyo faida yake ni ndogo zaidi. Tegemea asilimia chache, tena kwenye lami, kwa mwendo usiobadilika, ukiwa gia ya juu kabisa.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalonitia shaka huku kwetu. Difu ya 3.73 ikiwa nzito mno kwa mlima, dereva atarudi gia ya nne, ambayo kwa kawaida ni moja kwa moja. Zidisha: 3.73 kwa 1 ni 3.73. Zamani, akiwa gia ya tano na difu ya 4.1, alikuwa na 3.49. Maana yake, difu iliyonunuliwa ili injini ipumzike inaizungusha zaidi kuliko mwanzo. Kwenye barabara za vumbi za upande wa Angurai, zenye mawe na vilima, gia ya tano hata haiguswi. Na kwenye barabara kuu ya kwenda Bungoma na Eldoret utakuwa nyuma ya trela, na magari ya mizigo na matatu yaliwekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa tangu sheria za usalama barabarani za waziri Michuki, zilizoanza kutekelezwa 2004.

Anayeendelea hadi Nairobi atakutana na Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu robo. Injini isiyo na turbo, kama ile 1HZ ya lita 4.2 iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za hospitali na mashirika, hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kuipa difu ya mbio ni kuionea.

Isitoshe, wengi wameshabadilisha uwiano bila kujua. Ukitoa tairi la 265/65R17 ukafunga 285/70R17, tairi limekua kwa asilimia 7, na injini imepunguza mizunguko kwa kiasi kama hicho. Ila tairi hilo ni zito, mara nyingi lina kashata nene, na huongeza mkokoto barabarani. Mwenye gari kama hilo akilalamika kwamba limekuwa zito mlimani, pengine dawa yake ni difu fupi zaidi, yaani yenye uwiano mkubwa.

Ukishikilia kubadilisha, gari la 4x4 linataka difu mbili, ya mbele na ya nyuma, zenye uwiano mmoja. Zikitofautiana, siku utakapotia 4x4 mahali pagumu mfumo utajibana hadi kitu kivunjike. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, hivyo usichanganye ya huku na ya kule. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa sehemu za milimita, na fundi mzuri hupaka rangi kwenye meno aone yanavyogusana. Asipofanya hivyo, difu italia kuanzia siku ya kwanza. Ndiyo maana wengi hununua difu nzima ya mtumba, Kirinyaga Road jijini Nairobi au kwingineko.

Kisha kuna spidomita. Kwenye magari mengi ya aina hii kebo au sensa yake imekaa kwenye giaboksi, kabla ya difu, kwa hiyo baada ya kubadilisha itasoma 80 wakati unakwenda 88. Kilomita nazo zitahesabiwa pungufu. Gari lililokuwa likienda kilomita 9 kwa lita likipanda hadi 9.4, kwenye dashibodi utapata 8.5 tu, na fundi atalaumiwa bure. Pima umbali kwa GPS ya simu, ujaze tangi hadi juu kwenye pampu ile ile, ndipo umpigie fundi.